Mtoto wa Ishirini

Jumamosi ile niliamka na mambo mawili kichwani, na yote mawili yalikuwa ya kumtoa mtu jasho. La kwanza, nilikuwa nimezalisha watoto kumi na tisa kwa mikono yangu, na diploma ya uuguzi inataka ishirini. La pili, saa nne asubuhi watu walikuwa wanakuja kuniona kama nafaa kuwa mke, na mwanamume waliyekuwa wakimleta nilitakiwa nijifanye sijawahi kumtia machoni.

Kumtia machoni! Eldo nilimjua mpaka kovu la kidole gumba, alilolipata kwa panga akivuna mananasi. Nilijua anavyocheka, nilijua anavyonyamaza akikasirika, nilijua kwamba jina langu hulivuta mwishoni kama mtu asiyetaka liishe: Salomiii. Kwa mwaka mmoja na miezi mitatu tulikuwa tumezungumza kila siku katika ile saa moja ambayo mlezi wa bweni huturudishia simu zetu. Halafu leo niingie mbele yake na sinia la chai, niinamishe macho, niulizwe, "Kijana umemwonaje?"

"Ukicheka umekwisha," Rahna aliniambia, akinibana pini ya kofia. Rahna ni mwenzangu wa chumba kimoja, mtoto wa mji wa Malappuram, na ulimi wake haujawahi kupumzika tangu mwaka wa kwanza. "Ukimwangalia zaidi ya mara mbili umekwisha. Ukimwita jina kabla hujaambiwa jina, ndiyo kabisa, tukuandalie sanda."

"Wewe unanitia moyo au unaniua?"

"Nakuua kidogo ili uzoee."

Yalianza nikiwa mwaka wa pili, wodi ya mifupa ya wanawake. Aliletwa bibi mmoja, Mariamma, aliyeteleza jikoni akavunjika nyonga ya kushoto. Sisi wanafunzi tulimwita Ammachi, kama tunavyowaita bibi wote. Mkwewe, mke wa mwanawe, alikuwa Muscat akimwangalia binti yake aliyejifungua, kwa hiyo aliyekaa naye kitandani siku zote kumi na moja ni mjukuu wake, Eldo. Mrefu, mweusi wa jua la shambani, hana maneno mengi. Kila asubuhi aliniuliza swali lile lile: "Sista, bibi anaruhusiwa kula nanasi leo?" Na kila asubuhi nilimjibu, "Bibi ana sukari, nanasi hapana." Siku ya kumi na moja, bibi ameshapandishwa garini, akarudi mbio mpaka mlangoni pa wodi.

"Sista."

"Nanasi hapana."

"Si hilo. Nilitaka kuuliza, na mimi je? Naruhusiwa kurudi?"

Akaniangalia moja kwa moja machoni. Nilikuwa nimeshika chupa ya mkojo ya mgonjwa mwingine, na nakuambieni, sijawahi kujiona mrembo kama dakika ile.

Tatizo lilikuwa Appachan, baba yangu. Appachan alikuwa na dada mmoja tu, Lissy. Siku moja wakiwa mezani wanakula, shangazi aliinuka, akasema anakwenda kuchota maji, akatoka mlangoni. Hakuchota maji. Alikwenda na kondakta wa basi, na miaka ishirini na miwili imepita nyumbani hawajamwona. Nyanya yangu alikufa akilitaja jina lake. Tangu hapo Appachan ana sheria moja, nayo haina rufaa: kijana aliyemwona binti yake kabla yeye hajamwona kijana, huyo hampati.

"Basi tutakuja kama wageni," Ammachi alisema kwenye simu, mzee wa miaka sabini na nane anayepanga njama kuliko mwanasiasa. "Eldo ataona picha kwa mshenga. Tutakuja, tutakunywa chai, tutakupenda papo hapo. Ila sharti moja: mtu asitaje nyonga yangu! Mimi hapo hospitalini kwenu sijawahi kulazwa wodi yako, wewe hunijui, mimi sikujui."

Mimi ni nani nimbishie Ammachi? Nilimtaka Eldo, na nilimtaka kwa baraka za baba yangu. Kimojawapo bila kingine nisingekiweza. Kuolewa huku baba amenipa kisogo, nione akila peke yake upande mmoja wa meza, hapana.

Nyumbani sikuweza kwenda. Wiki ya mwisho ya kukusanya madaftari ya uzazi hakuna ruhusa hata ya msiba wa jirani. Madaftari yalikuwa yanafungwa saa saba mchana siku hiyo hiyo, na asiye na sahihi ishirini hafanyi mtihani mpaka miezi sita mingine. Kwa hiyo wageni waliambiwa waje kunitazama kazini, kwenye kantini ya hospitali, jambo ambalo kwetu si la ajabu; manesi wengi wameonwa hivyo hivyo, na gauni la kazi mwilini. Mwalimu mkuu alinipa nusu saa. Sista Thankamma wa leba, ambaye hata madaktari humwogopa, alinipa maneno.

"Kitanda cha pili ni chako," alisema. "Shylaja, mtoto wa pili, amefungua njia sentimita saba. Wa pili huwa hawabishi hodi. Nikikuita na hukuonekana, mtoto huyo nampa mwenzako. Mimi sijali kama unaposwa na mfalme."

"Sawa, Sista."

"Na ufute poda hiyo usoni. Mtoto atadhani amezaliwa kwenye tamthilia."

Nikampapasa Shylaja mgongo, nikasikiliza mapigo ya mtoto, yakawa mazuri, nikamwambia, "Dada, nakuja sasa hivi, usifanye haraka." Akaniangalia kwa jicho la mwanamke aliye kwenye uchungu anayeambiwa asifanye haraka. Nililistahili.

Nilipofika kantini wote walikuwa wamekaa. Upande huu Appachan, shuka yake nyeupe ya kiunoni imepigwa pasi mpaka inakata, na mama yangu, Amma, pembeni akijifuta jasho kwa ncha ya sari. Upande ule Ammachi, mama yake Eldo anayeitwa Kunjamma, na Eldo. Shati la buluu. Amenyoa. Nilimwangalia mara moja, nikajiambia imebaki moja.

Nikaleta sinia. Mikono iliyokwisha kupokea vichwa kumi na tisa vya watoto ilishindwa na vikombe sita vya chai; nikamwaga kidogo kwenye sinia.

"Huyu ndiye binti?" Ammachi akauliza kwa sauti ya mtu wa kanisani, macho kayatoa. "Ee Mungu wangu! Mzuri kuliko picha! Unaitwa nani, mwanangu?"

"Salomi, Ammachi."

"Sa-lo-mi," akarudia, kana kwamba jina ni la Kichina. Eldo akakohoa. Nikamkanyaga kwa macho; ikawa mara ya pili, nikawa nimemaliza mgao wangu.

Mama yake, Kunjamma, alikuwa ananikagua kama anayechagua samaki. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na maswali yake.

"Kwa hiyo ni diploma. Si digrii."

"Diploma, Mama. Miaka mitatu. Nikifaulu naanza kazi ya uuguzi wodini."

"Binti wa mdogo wangu ana digrii. Yuko Ireland sasa. Wewe Kiingereza umeshafanya mtihani wake?"

"Bado, Mama. Kwanza huu."

"Na kupika?"

"Anapika," Amma akadakia haraka. "Samaki wake wa ukwaju, ukila utauliza kama wapo wengine."

Appachan hakuwa na habari na samaki. Alikuwa anamtazama Eldo. Akamuuliza mashamba yako wapi, ya kwao au ya kukodi, mvua ya mwaka jana iliwafanyaje. Eldo alijibu taratibu, bila kujipamba, na nikaona bega la baba yangu likilegea kidogo. Namjua baba yangu. Bega likilegea, mlango umefunguka. Inakwenda! Mungu wangu, inakwenda!

Nadhani furaha ndiyo iliyoniponza.

Maana Ammachi alimaliza chai yake na kutaka kwenda kunawa mikono. Benchi za kantini yetu ni fupi, zile za mbao. Nikamwona anavyojikunja mbele, magoti juu, miguu ameikutanisha, anataka kujinyanyua kwa kiuno. Na pale pale akili yangu ikatoka kantini ikarudi wodi ya mifupa. Sikufikiri. Nilikuwa nimeshafika, mkono mmoja chini ya kwapa lake, mwingine mgongoni, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya wodini, ile ya kuwafokea wagonjwa wabishi.

"Ammachi! Nimekwambia mara ngapi usikae kiti kifupi! Unataka nyonga ichomoke? Nyoosha wa kushoto mbele kwanza! Sasa sukuma kwa mikono. Kwa mikono, si kwa kiuno!"

Na Ammachi, masikini, kwa mazoea ya siku kumi na moja, akanyoosha mguu wa kushoto mbele, akasukuma kwa mikono, akasimama.

"Haya, haya, sista wangu," akasema. "Usinifokee, nimesahau."

Kantini nzima ikatugeukia. Hata mpishi aliacha kugeuza ndizi zake kwenye mafuta.

Appachan aliweka kikombe mezani polepole.

"Mara ngapi?" akauliza.

"Appachan..."

"Umesema umemwambia mara ngapi. Nami nauliza, ni mara ngapi? Na umejuaje kama ni wa kushoto?"

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Hawakutuonya sisi manesi kwamba hata mgonjwa hafichiki. Kunjamma alimgeukia mama mkwe wake. "Mama. Huyu msichana anakujua?" Ammachi akaanza kutazama dari, kama mtoto aliyekutwa na kidole kwenye sukari.

Eldo akasimama.

"Appachan, kosa ni langu. Bibi alilazwa hapa mwaka jana. Salomi ndiye aliyemuuguza. Mimi ndiye niliyekuwa nakaa naye. Mimi ndiye niliyempenda, na mimi ndiye niliyemtuma mshenga. Hakuna jambo baya lililopita kati yetu. Ni simu tu."

"Simu," Appachan akarudia. "Kwa muda gani?"

"Mwaka na miezi mitatu."

Baba yangu hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Uso ulimkauka, akanigeukia, na nikaona anayemtazama si mimi peke yangu. Alikuwa anamwona dada yake pia.

"Mwaka na miezi mitatu," akasema, "nakupigia kila Jumapili, nakuuliza habari za huko, unaniambia masomo, Appachan, masomo tu. Keti hapo. Leo utaniambia yote."

Na hapo mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Rahna, kofia imempinda, anahema.

"Salomi! Kitanda cha pili! Kichwa kinaonekana! Sista amesema akihesabu mpaka mia hujafika, anampa mwenzetu Jiji!"

"Keti," Appachan akasema.

Nikasimama katikati ya sakafu ile. Huku baba yangu, huku Eldo, huku Rahna ameshika mlango. Nilijua nikitoka nitamwachia baba yangu picha ile ile: meza, chakula, binti anayeinuka na kutoka mlangoni. Nilijua. Na nilijua kuna mwanamke juu kule niliyemwambia nakuja sasa hivi.

"Appachan, nitakujibu kila utakaloniuliza," nikasema, na machozi yameshaanza. "Lakini wewe unaweza kunisubiri. Yule hawezi."

"Salomi!"

Eldo akasema neno moja tu. "Kimbia."

Nikakimbia. Ngazi mbili mbili, ndara mkononi, Rahna nyuma yangu anahesabu kwa sauti, "Themanini na sita, themanini na saba," kama mwendawazimu. Nikaingia leba, nikaosha mikono mpaka kwenye viwiko, nikavaa gauni, nikavaa glovu. Sista Thankamma alikuwa kwenye tisini na nne. Alikuwa anahesabu kweli.

"Wako," akasema, akapisha.

Sijui niwaelezeje. Mnajua mtu akiwa na vurugu ya moyo huwa anasema dunia ilisimama. Yangu haikusimama, ilikwenda mbio, ila mikono yangu ilitulia. Ilitulia tuli. Kichwa cheusi, kina nywele tele. "Dada Shylaja, usisukume sasa. Hema tu. Hema, hema, kama umepanda mlima. Vizuri!" Kichwa kikatoka taratibu juu ya kiganja changu, nikapitisha kidole shingoni, na nikakigusa: kitovu kimezunguka.

"Sista, kitovu. Mara moja."

"Kimelegea?"

"Kimelegea."

"Sasa unaniangalia mimi kwa nini? Unajua la kufanya."

Nikakipitisha juu ya kichwa, kikavuka kama mkufu. Bega la mbele. Bega la nyuma. Kisha mwili mzima ukaja kwa mpigo mmoja, wa moto, unateleza, na alikuwa msichana, na hakulia.

Moja. Mbili. Nikamfuta, nikamsugua mgongo kwa taulo. Tatu. "Lia, mama," nikamwambia. "Lia, hata mimi nalia." Nne.

Akalia! Akalia kwa hasira kana kwamba amekatishwa mazungumzo ya maana. Shylaja akacheka na kulia pamoja, nikamlaza mtoto juu ya kifua chake, na mimi mwenyewe nikawa natiririka machozi hadi kidevuni.

"Wewe unalilia nini?" Shylaja akaniuliza. "Mwenye uchungu si mimi?"

"Kila mtu ana wake," Sista Thankamma akamjibu.

Sasa mngedhani hapo ningevua glovu na kurudi mbio. Thubutu. Mtoto akishatoka, nesi anasubiri kondo la nyuma, na kondo la nyuma halina habari na mapenzi ya mtu. Haliharakishwi wala halivutwi. Unakaa. Unaweka mkono juu ya tumbo na unangoja. Dakika tano. Dakika kumi. Kupitia dirishani nikasikia gari linawashwa uwanjani, likaondoka. Ni lao? Dakika kumi na mbili. Nikasikia sauti ya mwanamume, kali, halafu kimya. Dakika kumi na tano. Nikaomba kimoyomoyo, Mungu, mwambie baba yangu akae, akae tu, hata akae kwa hasira.

"Macho kwa mgonjwa," Sista akasema, lakini kwa sauti ya chini.

Likatoka, zima, halijakatika. Nikalikagua pande zote kama tulivyofundishwa, nikapima damu, nikamsafisha Shylaja, nikamfunika. Sista Thankamma akafungua daftari langu. Alisoma mstari mzima, kuanzia jina hadi uzito wa mtoto, kilo tatu na gramu mia moja, akatia sahihi. Namba ishirini.

"Rahna, peleka kwa mwalimu mkuu," akasema. "Na wewe, nawa uso. Nenda ukajibu kesi yako."

Kantini ilikuwa tupu. Vikombe sita mezani, na mpishi anafuta benchi. Nikamuuliza kwa macho, akanyoosha kidevu upande wa nje. Nikatoka.

Kunjamma ndiye niliyemkuta kwanza, kibarazani, amesimama mikono kiunoni mbele ya mama mkwe wake. Kumbe gari lililoondoka lilikuwa la mtu mwingine.

"Nimedanganywa," aliniambia aliponiona. "Nimedanganywa na mwanangu na nimedanganywa na huyu bibi, tena mwaka mzima, tena ndani ya nyumba yangu!"

"Nisamehe, Mama."

"Ngoja, sijamaliza." Akanisogelea. "Miaka thelathini na moja naishi naye. Nikimwambia asile chumvi, anakula. Nikimwambia avae viatu, anavua. Miaka thelathini na moja hajanisikia hata siku moja! Wewe umemfokea mara moja, kanyoosha mguu kama askari." Akageuka kumtazama Ammachi, akanirudia. "Ireland wabaki nayo. Mimi nakutaka wewe nyumbani kwangu."

"Mimi nilisema tangu mwanzo," Ammachi akasema.

"Wewe nyamaza!"

Ningecheka, lakini nilikuwa nimemwona Appachan. Alikuwa amekaa peke yake kwenye ngazi ya mwisho ya kibaraza, ananipa mgongo. Nikaenda nikakaa ngazi moja chini yake.

"Amezaa nini?" akauliza.

"Msichana."

"Mzima?"

"Mzima, Appachan. Wote wawili."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akaniuliza, na mimi nikamjibu, yote, kama nilivyoahidi: lini, wapi, simu ngapi, kama tuliwahi kukutana nje ya hospitali. Mara mbili, Appachan, kituo cha basi, na Rahna alikuwepo. Kwa nini hukuniambia? Kwa sababu niliogopa ungenipa kisogo. Hakuna nililoficha, na kadiri nilivyosema ndivyo nilivyohisi mzigo unanitoka mabegani.

"Yule kijana," akasema mwishowe, "nilimuuliza ulipotoka. Nilimwambia, mimi nakataa. Sasa utafanya nini, utamtorosha? Unajua alinijibu nini?"

"Sijui."

"Alisema, 'Appachan, huyu hatoroshwi. Ana mtihani.'"

Nikamwangalia baba yangu. Mdomo wake ulikuwa unacheza pembeni, lakini macho yalikuwa mekundu.

"Nilitaka kuondoka," akasema. "Nilimwambia mama yako, inuka twende. Miguu ikakataa. Nikakaa pale naangalia mlango ule. Lissy alipotoka, niliangalia mlango hivyo hivyo. Usiku kucha niliuangalia, nikasema atarudi, kisima hakiko mbali." Sijawahi kumsikia akilitaja jina hilo kwa ulaini. Akaweka mkono wake juu ya kofia yangu ya kazi, mkono mzito wa mgema mpira, harufu ya utomvu haijawahi kumtoka. "Wewe umerudi."

Nililia. Nililia mpaka Amma akaja na ncha ya sari yake akanifuta pua kama mtoto mdogo.

"Sijasema ndiyo," Appachan akaonya, akisimama na kunyoosha shuka yake. "Msianze kushangilia. Ila desturi ni desturi. Kijana na binti hupewa dakika tano za kuzungumza. Waende pale kwenye tangi la maji, tunawaona."

Eldo alikuwa ameshafika kwenye tangi kabla sijainuka.

Tukasimama. Umbali wa mkono mmoja na nusu kati yetu, jua la saa sita limetupiga utosini, na kibarazani watu wanne wanatukodolea macho. Dirisha la juu nikaona kofia iliyopinda ya Rahna. Mwaka na miezi mitatu ya kunong'ona chini ya shuka, tumesema kila kitu, tumegombana, tumepatana, tumewapa majina watoto ambao hawajazaliwa. Sasa tumepewa ruhusa, mchana kweupe, na hakuna hata mmoja wetu aliyepata neno. Alinitazama tu. Nami nikamtazama, bila kuhesabu mara ngapi. Nikaona kwamba ana mvi moja, upande wa sikio. Nikaona kope zake. Mikono yake alikuwa ameifunga nyuma kama mtoto wa shule, na shati la buluu limelowa jasho kifuani, na nilimpenda mpaka nikasikia kizunguzungu.

Akafungua mdomo.

"Dakika tano zimekwisha!" Appachan akaita.

"Appachan!" Eldo akajibu, sauti imempasuka. "Hatujasema hata neno moja!"

Baba yangu alikuwa ameshatupa mgongo, anarudi kantini, anamwashiria mpishi alete vikombe vingine.

"Mtasema mkishaoana," akasema. "Njooni, chai inapoa."